Usingizi Alioninyima Tata

Nilipokuwa mtoto kule Mweiga, usingizi wangu ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi. Alikuwa Tata, shangazi yangu, aliyenichukua mama alipofariki. Saa kumi alfajiri alinivua blanketi. "Amka! Ng'ombe haingoji!" Wanawe wawili walikoroma mpaka jua litoke. Mimi nilikamua ng'ombe watatu, nikabeba mtungi hadi barabarani kwenye gari la maziwa, ndipo nikakimbia shule, vidole vimekufa ganzi.

Siku moja tukimenya viazi, Cucu, mamake Tata, alimwonya. "Mtoto akilala, roho yake imeenda kutembea. Ukiikatiza safari kila siku, hiyo usingizi itarudi kujilipiza kwako."

Tata akacheka. "Mama, wacha hizo. Usingizi ni ya matajiri."

Mimi sikucheka. Kila alfajiri, paji la uso likiwa kwenye ubavu wa ng'ombe, niliomba: usingizi, mfuate Tata, usimsamehe.

Siku ya mtihani wa darasa la nane nilimsihi, "Tata, leo tu nilale." Aliniamsha saa tisa, ati nikamue mapema nisichelewe. Kwenye hesabu nilifika swali la kumi na mbili. Kilichofuata ni msimamizi kunigusa bega kwamba muda umekwisha, na mate yangu yamelowesha karatasi. Shule ya bweni niliyoiota ikaenda hivyo. Nililia? Wapi! Hasira ilinikausha machozi.

Leo Tata anaishi kwangu Kiganjo, maana wanawe hawamtaki. Halali. Amemeza vidonge, ameombewa, wapi. "Mama alinilaani," huniambia, macho mekundu. Daktari anasema ni uzee na mawazo. Mimi najua ninachojua, na sitadanganya: nilifurahi.

Ila mimi pia, kila saa kumi, macho kodo, bila wa kuniita. Hilo Cucu hakunionya.

Jumamosi iliyopita, saa mbili asubuhi, nilimkuta Tata kando ya kitanda cha binti yangu, ameshika pembe ya blanketi.

"Huyu msichana bado amelala! Si aamke anipikie chai?"

"Achilia hiyo blanketi, Tata."

Akaachilia. Chai niliipika mwenyewe. Tukaketi mezani, sisi wawili tusiolala, tukimsikiliza mtoto akikoroma hadi saa nne. Sijawahi kuonja kisasi kitamu kama hicho.