Marlys Ajichagulia Bunduki

Marlys Haugen aliwapikia watoto wa shule mashariki ya Montana kwa miaka thelathini na moja, na siku aliyostaafu wakamzawadia saa ya ukutani. Akaitoa sadaka kanisani, akaenda zake kwa Delbert Pruitt, fundi wa bunduki.

"Nataka bunduki ya kulenga mbali," akamwambia. "Kila kipande nachagua mwenyewe."

Kesho yake alimkuta shemeji yake Orrin keshafika, ameegemea meza ya fundi. Orrin, kaka wa marehemu mumewe, alizijua bunduki kama mchungaji wao alivyoijua mbingu: kwa maelezo marefu, bila kuwahi kufika.

"Shemeji, chukua risasi kubwa, ya kumwangusha elki, yule kulungu mkubwa, akiwa wilaya ya pili."

"Elki kanikosea nini? Mimi napiga shabaha, sahani za chuma."

Akachagua risasi ndogo, maana bunduki ya marehemu ilimpiga mateke hadi bega likafanana na ndizi iliyooza. Mtutu alitaka wa unene wa wastani. Mnene hutulia zaidi, lakini wa kuubeba kilimani ni yeye, na goti lake la kushoto lilistaafu kabla yake. Vifyatulio alivijaribu vitatu akiwa amefumba macho, akachukua kile kilichoachia chini ya kidole mara moja, kama tambi kavu inavyokatika.

Kilichomsumbua ni kitako, ule mti unaoegemea begani. Vyote vilikuwa virefu.

"Hivi mnawachongea sokwe?" akauliza.

Delbert akachukua msumeno, akakata. Marlys akaweka begani, akatikisa kichwa. Akakata tena.

"Unaiharibu," Orrin akalalamika. "Utakuja kumuuzia nani?"

"Nitazikwa nayo. Ukinitangulia, shemeji, wewe tutakuzika na ushauri wako."

Delbert akajifanya anakohoa. Kwenye darubini Orrin alipendekeza moja ndefu kama bomba la jiko. Marlys akachukua fupi, ambayo namba zake alizisoma bila miwani.

Agosti wakakutana kwenye mashindano, katika ranchi ya jirani. Sahani zilikuwa kumi, ya mwisho yadi elfu moja. Orrin na mzinga wake akapiga sita, akaulaumu upepo. Marlys alipiga nane, akakosa ya tisa, akabaki na ya mwisho. Alipochungulia aliona nyasi za karibu zinalalia kulia, za bondeni kushoto. Akangoja. Msimamizi akatazama saa. Nyasi zote zilipoinuka, akafyatua.

Kimya kirefu, kisha, kwa mbali: ting.

Alishika nafasi ya pili, nyuma ya daktari wa meno kutoka Billings. Machozi yalimtoka, akasingizia vumbi.

"Hebu niijaribu," Orrin akasema, na kabla hajajibiwa keshalala chini, amejikunja nyuma ya kile kitako kifupi, jicho limeganda kwenye darubini.

"Shemeji, rudisha uso nyuma."

"Nilianza kupiga bunduki kabla hujaolewa."

Akafyatua. Hata teke dogo lilitosha: darubini ikamchora mwezi mchanga juu ya nyusi, damu ikashuka hadi kwenye masharubu. Delbert akampa kitambaa, kisafi kiasi.

Jumatatu Orrin aliingia dukani kwa Delbert na plasta usoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Nipime mikono, na mimi unikatie kitako," akasema polepole. "Na usimwambie."

Delbert hakumwambia Marlys. Alimwambia mkewe, na mkewe huimba kwaya moja na Marlys.