Kibisi wa Bwawa la Kwanza

Kwenye mitambo ya maji walimwita Mama Koki, na jina lenyewe alilipata kihalali. Miaka kumi na sita yeye ndiye aliyefungua na kufunga maji ya mji mzima. Alikuwa mfupi, mkavu, wa maneno machache. Ukimwambia jambo asilolitaka hakubishana, alikutazama tu mpaka mwenyewe ukajisikia mjinga.

Bwawa la kwanza, la kutuliza tope kabla maji hayajachujwa, lilikuwa na matete pembeni, na humo waliishi kibisi wawili. Ndege wadogo, shingo rangi ya kutu, mkia kama hawana. Fundi wa pampu alisema ni bata waliofinyangwa udongo ukaisha njiani. Mama Koki aliwajua kuliko alivyowajua mashemeji zake. Mmoja akizama, alihesabu kimoyomoyo. Akikaribia ishirini, kichwa kinachomoza kwingine kabisa, samaki mdomoni. Aliwaona wakinyonyoa manyoya yao wenyewe na kuyameza. Nchi kavu walikuwa hovyo: miguu imewekwa nyuma mno, hatua mbili tatu, kifudifudi.

Mwaka ule kiota chao, rundo la majani mabovu linaloelea, kilishikizwa kwenye matete, na ndani mlikuwa na mayai manne. Aliyeatamia akitaka kutoka, huyafunika kwa majani mabichi harakaharaka, kama mtu anayefunika sufuria mgeni asione.

Ndipo akaja meneja mpya. Ijumaa ya wiki iliyofuata wangekuja wakubwa kukagua, naye alitaka bwawa la kwanza likaushwe, matete yafyekwe, kuta zipakwe chokaa.

"Bosi, kuna kiota pale," Mama Koki alimwambia. "Maji yakishuka kitakaa kwenye tope. Paka watafika kwa miguu yao, na wenye kiota hawajui kutembea."

"Mama, hapa ni mitambo ya maji, si bustani ya wanyama."

"Nitasafisha la pili kwanza. Ndilo chafu zaidi."

"Wageni hawapiti la pili."

"Basi wapitishe."

Meneja akacheka, akidhani ni utani.

Nyumbani, dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye tangu wote wawili wafiwe na waume, aliweka kikombe chini. "Ufukuzwe kazi kwa ajili ya ndege asiyeliwa?"

"Nani kakwambia haliwi?"

"Usinichekeshe, mdogo wangu. Kwa umri huo nani atakuajiri?"

"Dada, unakumbuka ule mwezi mtaa wetu ulipokosa maji ili hoteli ipate? Tukabeba ndoo mpaka mabega yakachubuka? Aliyefunga ni mimi. Niliambiwa funga, nikafunga, nikaja nyumbani nikalalamika na nyinyi. Safari hii sifanyi."

Dada alikuwa hajawahi kuambiwa jambo hilo.

Jumatatu asubuhi Mama Koki aliwahi kazini. Gurudumu la kutolea maji ya bwawa la kwanza alilizungushia mnyororo, akatia kufuli, ufunguo akauficha kifuani. Kisha akafungulia la pili likauke, akashika koleo, akaingia kwenye tope. Fundi wa pampu alimtazama, akakuna kichwa, akakunja suruali naye akaingia.

Meneja alipofika, sauti yake ilisikika mpaka getini. "Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Lete ufunguo."

"Siuleti."

"Fundi, kata huo mnyororo."

"Mkasi wa chuma hauonekani, bosi," fundi alisema, macho kwenye tope. "Tangu jana natafuta."

Saa sita Mama Koki akapewa barua ya onyo. Aliisoma mpaka mwisho, akatia saini, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: NILIKATAA NIKIWA NA AKILI TIMAMU.

Ijumaa wageni walikuja, wakapitishwa bwawa la pili lililokuwa linameta, wakanywa soda, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza habari za matete. Siku mbili baadaye mayai matatu yalianguliwa. Vifaranga wenye michirizi walipanda mgongoni kwa mama yao, wakajichimbia kwenye manyoya, yakabaki macho tu. Mama Koki alisimama ukingoni mpaka chai yake ikapoa.

Barua ya pili ilimhamishia ghala la mabomba, upande wa pili wa mji, mahali pasipo na tone la maji. Alikwenda. Ufunguo alimwachia fundi.

"Usiutoe mpaka vifaranga wajue kuzama wenyewe," alimwambia.

"Na akinihamisha na mimi?"

"Tutapanga mabomba pamoja."

Wiki ya saba fundi alikuja ghalani na habari: matete yamefyekwa, bwawa limekauka, ila kibisi wote watano walisharuka wakahamia la pili. Meneja alikuwa amewaona akanyamaza.

"Hajasema neno?"

"Aliuliza tu wanaitwaje."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia aje akuulize wewe."

Mama Koki akavuta kiti kilichokuwa kona, akakipangusa vumbi. "Na aje," alisema. "Nitamwambia."