Kasuku ya Viini vya Dhahabu

Sifuri nne ndizo zilizoninyima usingizi nikiwa kidato cha tatu, Mwingi. Mwalimu wa fizikia alitupa masi na nusu kipenyo cha kiini cha atomi ya dhahabu, akataka densiti yake kwa gramu kwa kila sentimita ya ujazo. Atakayekosa, alisema, ataacha fizikia ahamie kilimo. Mimi nilitaka uhandisi. Nilipata 2.3 mara kumi kwa kipeo cha 14. Halima, binti wa mwenye malori, wa kwanza darasani daima, alipata kipeo cha 18, na darasa zima likamfuata.

"Mwende, mita ina sentimita mia," aliniambia. "Hata mtoto wa nasari anajua. Futa."

Nikafuta. Nikarudisha. Nikafuta tena mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi nilimsaidia Mama sokoni, katika harufu ya ndengu, vumbi na mbuzi. Alipima ndengu, mtama na mahindi kwa mkebe uleule wa mafuta ya kupikia, ule tuuitao kasuku. Nikamuuliza vyote vitakuwaje kilo mbili ilhali havilingani uzito. Akanitazama kama niliyemuuliza jina lake.

"Kasuku ni kilo mbili. Tia hata mawe."

Wateja wakamuunga mkono. Nilitamani kulia. Nikawaza kasuku iliyojaa viini vya dhahabu, tani zaidi ya bilioni mia nne, na Mama akiiuza kwa bei ya kilo mbili.

Jioni, nikiteka maji mtoni, nikaijaribu njia ya Halima, ya kugawa kwa mia, kwa maji, ambayo ni kilo elfu kwa mita ya ujazo. Tone la sentimita moja ya ujazo likawa kilo kumi. Mtungi mmoja wa lita ishirini, tani mia mbili. Na punda wetu alikuwa amebeba minne, anatafuna majani. Halima alisahau kuwa mchemraba una urefu, upana na kimo. Ile mia hutumika mara tatu.

Hata hivyo niliwaza labda dhahabu ina sheria zake. Ndivyo nilivyo. Leo nina shahada, na barua moja ya kuomba kazi huisoma mara nane kisha nikaiacha mezani. Simwelewi msichana yule niliyekuwa Jumatatu ile asubuhi, aliyesikia Halima akicheka nyuma yake, "Haya, injinia wa kilimo," akaandika 14 kwa wino juu ya tundu la karatasi, akapeleka daftari kwa mwalimu kabla ya wote.