Kete Alizoachiwa Mjomba

Nianze na kosa langu moja kwa moja, maana nikianzia kwingine nitaishia kujitetea, na kujitetea nakuweza sana.

Kazi yangu ni kupanga watu. Tulikuwa watatu, katika chumba kimoja juu ya duka la mabati hapa Arua, na tulitengeneza ludo ya kuchezwa kwa simu: watu wanne, kila mmoja na simu yake, mmoja yuko Adumi, mwingine Koboko, mwingine hata hujui yuko wapi. Wenzangu walichora ubao na kete. Mimi niliachiwa swali la nani ni mkali kuliko nani, na nilijiona nimepewa kiti cha hakimu.

Watu hucheka wakisikia hivyo. Ludo si dadu tu, husema, ukipata sita umetoka, usipopata umekaa? Nimegombana na watu wazima kwa jambo hili. Dadu inakupa nambari, lakini kichwa ndicho kinachochagua kete ya kusogeza. Katika mechi moja bahati inaweza kumbeba mtu yeyote. Katika mechi mia haina nguvu hiyo. Basi nikatunga hesabu: ukimshinda aliye juu yako unachukua alama nyingi, ukimshinda aliye chini unaokota chache, na ukiwa na alama za kutosha unapanda daraja. Kulikuwa na madaraja matano, na la kwanza halikuwa la mchezo.

Haukupita muda, vijana wa stendi moja ya bodaboda wakagundua njia ya mkato. Katika ludo, kete yako ikitua juu ya kete ya mwenzako unaila, naye anairudisha nyumbani kuanza upya. Hao walikuwa wakiingia mechi pamoja na kuacha kumla mwenzao mmoja, hadi akafika daraja la kwanza na kuanza kujipiga kifua mjini. Nilikasirika utadhani wameniibia mimi. Nikaandika kanuni: mashine ihesabu kila nafasi ya kula iliyoachwa bila sababu. Mchezaji mzuri huacha mara moja moja, kuokoa kete yake. Lakini watu walewale wakimwachia mtu yuleyule kila mara, huo ni mpango. Anayeachiwa anapokonywa alama zote, anashushwa hadi chini kabisa, na anatumiwa ujumbe. Ujumbe niliutunga mwenyewe, na niliupenda kwa ufupi wake: Ushindi wako ulipangwa. Hukushinda.

Tena niliomba kwamba akaunti zinifikie kama nambari tupu, bila jina wala picha. Arua hii kila mtu ni ndugu ya mtu. Sikutaka kumwona shemeji katika orodha nikasita kumwadhibu.

Sasa mjomba. Ni mdogo wake mama, mtu wa Koboko, na maisha yake yote ya kazi aliyatumia Oraba, mpakani mwa Uganda, akiandika karatasi za malori yanayovuka kwenda Kaya, upande wa Sudan Kusini. Kisukari kikala mguu wake. Walipoukata alirudi nyumbani Koboko akakaa barazani, na yeye ambaye siku nzima alikuwa akipiga kelele na madereva akawa anaongea na kuku. Siku ya Idi nilipokwenda kumsalimu nilimwekea ludo yetu kwenye simu, ili tu apate kitu cha kufanya.

Alibadilika. Ilinishangaza hata mimi. Akinipigia simu hakuulizia tena dawa wala mvua, alitangaza daraja lake. La nne. La tatu. Siku alipofika la pili alinicheka sikioni: "Mguu iko moja, lakini kichwa iko yote!" Mama alisema hajamsikia akicheka hivyo tangu hospitali. Baadaye akaingia la kwanza, na nasikia hata mchuuzi wa mihogo aliyepita mbele ya nyumba alionyeshwa.

Asubuhi moja mashine ikanitolea nambari moja ya akaunti ya Koboko, na chini yake nambari saba za watu waliokuwa wakimwachia. Saba! Nilipitia mechi tatu tu, nikaona kete zinarukwa waziwazi, nikabonyeza kukubali. Kisha nikateremka kunywa chai. Nakumbuka nilikula na chapati mbili.

Mjomba alinipigia siku ya pili. Hakufoka. Aliniuliza tu kama Jumamosi nitafika, na hapo nikajua, kabla hajasema, kwamba ile nambari ya Koboko ilikuwa yake.

Nilimkuta barazani, simu imelala kifudifudi mapajani mwake. Salamu hazijaisha akasema, "Simu nasema mimi hapana shinda. Wewe ndiyo fundi yake. Nionyeshe mahali mimi iliiba."

Ningeweza kumwambia mashine imekosea. Ni maneno mawili, na nimeshayasema kwa wateja ambao siwapendi hata kidogo. Lakini nilikuwa na picha yangu kichwani: wezi ni wale saba, mjomba ni mtu safi, na mimi nimekuja kumsafisha. "Mjomba, wewe hapana iba," nikamwambia. "Ni wale wengine. Ngoja uone."

Nikaweka kompyuta juu ya kigoda, nikafungua mechi, nikaichezesha hatua kwa hatua. "Kete yako iko hapa. Huyu wa kijani alipata nne, angekula. Aliacha, akasogeza ingine." Nikaenda mbele. "Hapa tena." Nikafungua mechi nyingine. "Na hapa huyu wa njano."

Kwangu zilikuwa nambari, lakini yeye alikuwa na orodha ya wenzake kwenye simu yake, na alianza kulinganisha. Mwenye picha ya jogoo alikuwa mtu wa kubadilisha pesa, meza zao zilikuwa jirani pale Oraba miaka mingi. Mwenye picha ya lori alikuwa karani. "Huyu mimi ndiyo ilimufundisha kazi," akasema, kwa sauti ya chini. Akatazama mechi mbili zaidi.

"Yote iliniachia?"

"Yote," nikajibu upesi, kama mtu anayeleta habari njema.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alikuwa akinitikisia kichwa, polepole, macho yamemtoka. Nilimwona. Nilidhani anasikitikia wale watu walivyo wabaya.

Mjomba hakugeuka. "Ni wewe uliwaambia?"

Akaweka sinia chini kwanza. "Mimi niliwaambia wacheze na wewe tu," akasema. "Nilienda Oraba, nikawaambia mzee iko peke yake. Hiyo ya kuacha walileta wenyewe."

Ndipo nikaelewa, nikiwa nimechelewa mechi nne. Hakuwa akiuliza kama yeye ni mwizi. Alikuwa akiuliza kama kichwa chake bado kinafanya kazi, na mimi nilikuwa nimemjibu kwa ushahidi. Nilifunga kompyuta. Yeye akanisogezea kikombe, akaniambia nisiache chai ipoe, akaanza kuniuliza habari za barabara. Sijawahi kuonewa huruma namna ile.

Hakucheza tena. Wale wa Oraba walimpigia simu, hakupokea. Mama alijaribu kumsemesha, akaambiwa, "Nitaongea nao nini? Wataniachia hata katika maongezi." Miezi ikapita, figo zikafuata njia ya mguu, na kabla ya mwaka kwisha tulimzika Koboko baada ya sala ya alasiri.

Matangani, yule mtu wa kubadilisha pesa alikuja kukaa karibu yangu. Alijua mimi ni nani. "Sisi hapana cheza kwa sababu ya alama," akaniambia. "Kutoka Oraba kuja hapa kila siku hatuwezi, kazi iko. Lakini saa kumi tukifunga meza, tulikuwa na yeye kwenye simu. Tunacheza, tunamuambia habari ya mpaka. Wewe ulikata hiyo."

"Mlimdanganya," nikasema. Matangani, mbele ya watu, nikasema hivyo. Aibu yake ninayo hadi leo.

Alinitazama bila hasira. "Ndiyo. Kidogo," akasema.

Neno hilo "kidogo" nililichukua hadi Arua na kulikasirikia njia nzima. Jumatatu niliketi nimthibitishie, hata kama hatasikia, kwamba hakukuwa na kidogo pale. Nikachukua mechi zote za mjomba. Kila kete iliyoachwa nikairudisha nyumbani, kama vile imeliwa, kisha nikaiacha mashine imalizie mechi hiyo mara nyingi, kwa dadu mpya kila mara, huku kete za mjomba zikisogea kwa namna aliyozoea kuzisogeza. Nilitaka kujua ni ushindi gani alipewa na ni upi aliupata mwenyewe.

Karibu wote ulikuwa wake. Alikuwa akiliwa kete moja, mbili, na bado anafika. Alikuwa mtulivu, alijua kusubiri, na aliona hatua ambazo wale saba hawakuziona hata katika mechi walizocheza kwa nguvu zao zote. Daraja la kwanza lilikuwa lake bila msaada wa mtu. Kanuni yangu iliuliza kama alisaidiwa. Haikuuliza kama aliuhitaji msaada huo, kwa sababu mimi sikuuliza. Nililia pale mezani na wenzangu wakatoka nje, wakidhani ni msiba unanirudia. Walikuwa sahihi.

Nikarudi Koboko, kwa sababu sikuweza kukaa na jambo hilo peke yangu. Mke wa mjomba alikuwa barazani na ungo wa maharage. Nilimweleza kwa maneno mepesi niliyoyapanga njiani.

"Basi alikuwa anashinda kweli?" akauliza.

"Ndiyo."

"Hata bila wao?"

"Hata bila wao."

Akachambua kidogo, akatupa kijiwe uani. "Na hiyo hesabu, ilikuchukua siku ngapi?"

Nilitamani kusema mwezi. Nilitamani iwe kazi ngumu, ya kutafuta wataalamu Kampala, ya kuchosha.

"Dakika arobaini," nikasema.

"Dakika arobaini," akarudia, akauinamia tena ungo wake.