Maji Yaliyoangushwa Milima ya Mlali

Mgeni Hamza alikuwa mzaliwa wa Kondoa, mshika bendera wa ndege ya kunyunyizia dawa ya kwelea kwelea. Alisimama ukingoni mwa mashamba ya mtama akipunga kitambaa cheupe, na rubani Abbasi akaifuata ishara yake. Serikali ilipoanza kuuza mali zake, ndege ile ikaangukia kwa tajiri mmoja wa Dodoma, naye akawabakiza wote wawili kazini.

Kiangazi cha mwaka 1995 moto ukashika milima ya Mlali. Tangi la dawa likaoshwa, likajazwa maji. Mgeni akapanda mlimani na wanakijiji. Wao wakifyeka njia ya kuuzuia moto, yeye amwonyeshe rubani pa kumwaga.

Mmwago wa kwanza uliuvunja moto vizuri. Kisha upepo ukageuka. Digidigi akachomoka kichakani manyoya yakiwaka, na nyuma yake ukuta wa moto ukinguruma. Njia ya kushukia ikazibwa. Kijana mmoja, Fabian, akatimua mbio bondeni.

"Fabian, rudi!" Mgeni alipiga kelele.

Moto ukamrukia mgongoni. Alilia mara moja tu.

"Laleni kifudifudi nyuma ya mwamba! Shikeni mizizi!"

"Na wewe, kaka?" aliuliza Loisi, mama aliyepanda na jembe lake.

"Nikilala, rubani hatatuona."

Maji yale yakiangushwa na ndege inayoruka chini chini huvunja hata matawi ya migunga, na Abbasi alikuwa na amri ya kutomwagia watu. Akamwona Mgeni, akapita bila kufungua tangi. Nywele za Mgeni zilikuwa zimeanza kuungua. Alimtukana Abbasi matusi yote aliyoyajua, kisha akaipigiza bendera chini, miguuni pake mwenyewe, tena na tena: hapa, hapa!

Ndege ikarudi. Maji yakamkumba kama lori, yakamrusha mwambani. Alisikia mkono ukivunjika. Alipozinduka alikuwa ndani ya tope jeusi, Loisi akimburuta kwa ukosi wa shati, na wengine wakikohoa, wazima.

Kijijini, Anyesi, mama yake Fabian, alimpiga kofi lililomwangusha.

"Umemwacha mwanangu!"

Loisi ndiye aliyeingia kati, akamkumbatia Anyesi mpaka nguvu zikamwisha.

Hospitalini Abbasi aliketi kitandani kwa Mgeni, macho mekundu.

"Nilijua nimekuua, ndugu yangu."

"Ungepita tena bila kumwaga, ningekufa nikikutukana."

Walicheka, kisha Abbasi akalia.

Mkono ulipona ukiwa umepinda. Mgeni alihamia Nkuhungu, mjini Dodoma, na kila kiangazi akaenda Mlali kuwafundisha watu kuusoma upepo na kutokimbilia bondeni. Anyesi hakuwahi kumsalimia, ila mwaka wa pili alimleta mwanawe mdogo kwenye mafunzo, akasimama pembeni mpaka yalipokwisha.