Mpira wa Kupinda Kwenye Kompyuta ya Chumbageni

Kaka yangu alipoteza vidole vyake kwenye mashine ya mkonge, lakini si mashine iliyomfanya aache kriketi. Aliacha kwa sababu yangu, mchana wa Idd pili, mbele ya kompyuta, watu wakicheka.

Baba yetu alikuwa mtunza uwanja wa kriketi wa Wahindi pale mjini. Alikata majani, alivuta rola la kusawazisha ardhi, alichora mistari ya chokaa. Sisi wanawe tulianza kwa kuokota mipira iliyovuka ukuta, na tulipofika sekondari tulikuwa tunacheza pamoja na wenye uwanja wenyewe. Kaka alikuwa mpigaji na nahodha. Mimi nilikuwa mrushaji, na nilikuwa na ujuzi mmoja tu, mpira wa kupinda. Mpira wa kriketi una mshono katikati. Ukiusugua upande mmoja ukang'aa, na upande wa pili ukauacha uchakae, ukiurusha vizuri unakwenda sawa kisha unakata pembeni mpigaji akiwa ameshainua gongo lake la kupigia. Niliwaangusha wengi kwa mpira huo, yaani niliviangusha vile vijiti vitatu vya nyuma ya mpigaji, naye akatoka mchezoni. Kaka sikumwangusha hata siku moja. Alikuwa anasubiri, anasubiri, mpaka mpira umalize ujanja wake, ndipo anaupiga.

Kisha ikaja miaka ya shida, ya foleni za sabuni na sukari. Mipira ikakoma kuja. Tulibaki na mmoja, na mshono ulipofumuka tuliupeleka kwa fundi viatu wa Mabawa, akaushona kwa uzi wa mkonge na kuupaka rangi ya viatu. Ukiusugua, suruali yote inakuwa nyekundu, na mpira wenyewe unakwenda kama jiwe. Wahindi wengi wakahama. Mbuzi wakaingia uwanjani.

Kaka wakati huo alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, katika shamba moja nje ya mji. Kinga ya mashine ilivunjika, kipuri hakikupatikana, kazi ikaendelea bila kinga. Siku moja ikamla vidole vitatu vya katikati vya mkono wa kulia. Kikabaki cha gumba na kile kidogo cha mwisho. Alijifunza kufinya tonge la wali kwa hivyo viwili, maana hakukubali kula kwa mkono wa kushoto. Lakini arusini hakwenda tena, na barazani hakukaa. Aliniambia hataki kuona watu wakisitasita kabla ya kumpa mkono.

Halafu biashara ikafunguliwa. Sabuni za kila rangi zikajaa madukani, na kiwanda nilichokuwa karani kikauzwa, nikapunguzwa kazi pamoja na wenzangu. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nina suruali za ofisini na sina ofisi. Ndipo kijana mmoja wa Kihindi, ambaye marehemu baba yake tulicheza naye, akafungua duka la kupiga chapa Chumbageni. Alikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta ndugu zake wa ng'ambo walikuwa wamemtilia mchezo wa kriketi. Akatuita.

"Wazee, njooni muone uwanja wenu," alisema. "Majani yake hayaliwi na mbuzi."

Nilikwenda na kaka kwa kumvuta. Watu wawili walikaa benchi moja mbele ya kibodi moja, mrushaji upande mmoja, mpigaji upande wa pili. Mpigaji alichagua upande wa kupiga kwa vitufe vya mkono wa kushoto, na akapiga kwa kitufe kimoja cha mkono wa kulia. Kaka alitazama vile vitufe muda mrefu. Kisha akaweka kidole gumba chake cha kulia juu ya kile cha kupigia, akakibonyeza, na mtu mdogo mwenye nguo nyeupe kwenye kioo akazungusha gongo. Akakibonyeza tena.

Baada ya wiki chache alikuwa haambiwi twende, ananipitia yeye. Alinyoa ndevu. Alivaa shati lililopigwa pasi. Vijana waliokuja dukani kupiga chapa barua zao za kuomba kazi walibaki kumtazama, na kijana wa duka akaanza kumwita Nahodha, na wengine wakafuata. Nilikuwa sijamsikia mtu akimwita hivyo tangu korona imle vidole. Alikuwa akiwapa vijana mkono wa kulia, ule ule, bila kuufikiria.

Mimi sikuweza kitu. Nilidhani aliyejua kupinda mpira wa kweli hatashindwa na wa bandia. Kwenye kioo kulikuwa na alama ya duara ardhini, unaisogeza mahali unapotaka mpira utue. Mimi niliiweka mbele ya vijiti, kama nilivyozoea kuvilenga, kisha nikashikilia kitufe cha kupinda. Mpira ukapinda mbali na vijiti, kaka akaupeleka mpaka mpakani. Nikajaribu tena na bega langu likajipinda lenyewe pale kwenye benchi.

"Mzee, kompyuta haikuoni bega," kijana wa duka akasema, na vijana wakacheka.

"Mwache," kaka akasema. "Hata uwanjani alikuwa anacheza kwa bega. Kichwa alikiacha nyumbani."

Ni utani wa ndugu, na zamani ningecheka wa kwanza. Lakini mtu aliyepunguzwa kazi anasikia kila neno mara mbili. Nikaamua kujifunza. Nilikwenda asubuhi, kabla kaka hajafika, kijana wa duka akaniruhusu niirushie kompyuta yenyewe, iwe ndiyo mpigaji. Nilijifunza kwamba duara si mahali pa kulenga, ni mahali pa kuanzia: unaiweka nje ya vijiti ili mpira urudi, au karibu ya miguu ya mpigaji ili utoke. Nilijifunza kushikilia kitufe cha kupinda mpaka mrushaji wa kwenye kioo ainue mkono, na kukiachia hapo hapo. Kadiri unavyochelewa kidogo kukiachia ndivyo mpira unavyopinda mwishoni, lakini ukipitiliza, unapotea kabisa. Na nilijifunza kwamba mpira mpya peke yake ndio unaopinda sana. Kila mchezo ulianza na mpira mpya, mwekundu, unang'aa, bure. Nilikuwa nausugua pajani bila kujua, na mkono wangu hauna kitu.

Hata hivyo kaka aliendelea kunipiga. Aliiona duara kama nilivyoiona mimi, kwa kuwa kioo kilikuwa kimoja, na alikuwa anasubiri, anasubiri, kama zamani. Ndipo siku moja nikaacha kutazama kioo nikatazama mikono yake.

Kupiga kwa nguvu alihitaji kitufe kimoja. Lakini kujihami tu, kuweka gongo mbele ya mpira bila kuupiga, kulitaka vitufe viwili pamoja vya mkono wa kulia, navyo vilikuwa karibu karibu, vya vidole vya katikati. Kidole gumba na cha mwisho havikuweza kuvibana kwa pamoja. Kwa hiyo kaka aliinua mkono wa kushoto, akauvusha juu ya kibodi, akabonyeza, akaurudisha. Alifanya haraka sana hata hakuna aliyegundua. Mpira unaopinda karibu na miguu haupigwi kwa nguvu, lazima ujihami nao; uliopinda mapema alikuwa na nafasi nao. Mpira uliopinda mwishoni kabisa ungemkuta mkono uko njiani.

Hilo nilikaa nalo siku kadhaa. Nilijua ninachokijua. Sitasema sikuelewa.

Siku ya Idd pili vijana walipanga tushindane mbele yao, kisha wote tunywe soda. Duka lilijaa, wengine walichungulia dirishani. Kaka alikuwa amevaa kanzu mpya na kofia ya viua.

"Leo mdogo wangu atalia," alisema akikaa. "Nimemletea leso."

Nilimrushia mipira ya kawaida kwanza, akapiga, wakashangilia Nahodha, Nahodha. Kisha nikaweka duara karibu na miguu, nikashikilia kitufe mpaka dakika ya mwisho, nikaachia. Mpira ukatoka. Mkono wa kushoto ukainuka, ukavuka, ukagongana na wa kulia. Vijiti vikaanguka. Wakanguruma. Nikarudia kwa mpigaji wake wa pili, na wa tatu. Kila mara mikono yake iligongana, na sasa watu waliona.

"Nahodha, mikono yako inagombana yenyewe!" kijana mmoja akapiga kelele, na duka zima likacheka. Nami nilicheka. Hilo ndilo nisilolipatia maneno hadi leo.

Kaka aliitoa mikono juu ya kibodi akaiweka mapajani. Alinitazama mimi, si vijana.

"Ulikuwa unatazama mkono wangu," alisema polepole.

"Kaka, mchezo."

"Mimi nilikuwa natazama mpira."

Akaondoka bila kunywa soda. Hakurudi dukani. Nilipompitia aliniambia macho yanamuuma. Mwaka uliofuata alihamia Tongoni kwa binti yake, na pale, binti yake aliniambia, watu walimzoea kama mzee asiyetoa mkono msikitini.

Ilinichukua miaka mingi kwenda kusema nilichopaswa kusema pale pale dukani. Nilimkuta ukumbini kwa binti yake, amezeeka kuliko nilivyotarajia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nikasema. Nilisema kwamba niliona mkono wake unavyovuka, nikaupangia mpira, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu walimwita Nahodha na mimi hawakuniita kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ule mpira wa kwanza," akasema. "Ule uliotoka."

"Ndiyo."

"Ulikuwa mpira mzuri sana. Uwanjani hukuwahi kunirushia kama ule."

Nikashika mkono wa kiti. "Basi umenisamehe, kaka?"

"Nimesema mpira," alijibu, akamwita binti yake aniletee chai.

Niliinywa yote. Tulizungumza habari za mvua mpaka ikawa saa ya kuondoka, na mlangoni nikamnyooshea mkono. Aliutazama, akaniambia niende salama.