Damu ya Pande Zote Mbili

Harufu ya mafuta ya karafuu huniwahi mwilini kabla haijafika puani. Juzi tu nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, mama mmoja mbele yangu akafungua kichupa akajipaka gotini, nami nikajikuta nimeegemea ukuta. Muuzaji akaniuliza, "Dada, uko sawa?" Nikamjibu ni jua tu. Nilimdanganya. Nilikuwa nimesharudi chumbani kwetu Mtoni, nina miaka kumi, nimeshika bakuli la mafuta ya nazi yaliyochanganywa na karafuu, mama anachovya vidole na kumkanda mdogo wangu Somoe miguu, naye Somoe ameuma pindo la kanga ili kelele zake zisiwafikie wapangaji wenzetu.

Baba yetu alikuwa mchongaji. Alichonga mpingo barazani, na vumbi lake jeusi lilitufuata hadi kwenye mchele, mpaka mama akawa anasema watoto wake wakikohoa wanakohoa vinyago. Mama mwenyewe aliuza mihogo sokoni Buguruni. Mtoto wao wa kwanza, Hamisi, alifariki kabla mie sijazaliwa, na jina lake halikutajwa ovyo. Nikafuata mie, Zuhura, kisha Somoe.

Somoe alikuwa na miaka sita lakini ukimwona ungempa minne. Alikuwa na vijiti vya miguu, tumbo la mbele, na macho ya njano, njano hasa, hata watoto wa mtaa wakampa jina la Manjano. Hakujali. Aliwajibu, "Mie Manjano, nyie Masizi," kisha anakimbilia nyuma yangu. Wakati mwingine miezi miwili ilipita bila shida, tukasahau. Halafu asubuhi moja anaamka anasema, "Dada, mfupa unapiga," na hapo tunajua wiki imeharibika.

Kilichowatesa watu wazima ni kwamba alizaliwa mzima kabisa. Mtoto mnene, anacheka na kila mtu. Alipofikisha kama miezi saba, vidole vikamvimba mikono na miguu, akawa analia hata akifunikwa shuka. Zahanati walitupa dawa za maumivu, tukarudi, tukapewa tena. Mtaani wakasema mtoto kabadilishwa.

Somoe alipofika miaka mitano ndipo akaja Shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa baba. Alitoka kijijini kwao, kando ya Mto Lukuledi, na gunia la korosho na jogoo aliyefungwa miguu, akasema amekuja kusalimia wiki moja. Jogoo tulimla wiki ileile. Shangazi hakuondoka tena. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, hana mume wala mtoto, na hatukuwa tumeambiwa kwa nini. Alinipenda mie sana, akanisuka kila Ijumaa. Mama yangu hakumpenda hata kidogo.

"Kwetu hatuna maradhi haya," shangazi alimwambia baba, kwa sauti ya kumfikia mama jikoni. "Kwetu watu wanakufa kwa uzee na kwa nyoka. Sele, mdogo wangu, wawili sasa! Hamisi kaenda hivi hivi. Damu hiyo imetoka kwa watu wa mkeo huko Kilwa."

Baba aliendelea kuchonga. Mama aliendelea kumenya mihogo. Mie nilidhani wanyamavu ni watu wasiosikia.

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa ya joto lile la kabla ya mvua, bati linalia lenyewe. Nilikuwa nimetoka shule, mama yuko sokoni, baba kapeleka mzigo wa vinyago, shangazi kalala. Nilikuwa nimeachiwa Somoe na amri moja tu: asichezee maji. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka siku tatu, na mchana ule yakatoka. Uwanja mzima ukawa sherehe. Watoto wakamwagiana, wanateleza kwenye tope, na Somoe kasimama kibarazani na sweta lake kwenye joto lile, anawatazama.

"Dada, kidogo tu," akasema. "Kichwani tu."

Nikamvua sweta. Nikajaza ndoo ya maji ya baridi, nikammwagia kuanzia utosini. Aliruka, akapiga kelele ya furaha ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. "Tena!" Nikammwagia tena. Nikammwagia mara tano. Halafu nikamfuta, nikamvika nguo kavu, nikamwambia asiseme.

Adhana ya alasiri ilipolia, mfupa ulikuwa umeshaanza kupiga.

Haikuwa kama siku nyingine. Maumivu yalianza mguuni, yakapanda kiunoni, yakafika kifuani, akawa anavuta pumzi fupifupi kama anayekunywa kitu cha moto. Midomo ilipauka. Baba aliporudi alisimama mlangoni na mikono imening'inia, mikono ile iliyoweza kutoa uso wa mtu ndani ya gogo. Shangazi akasema kuna mganga Kongowe, anajulikana, mtoto apelekwe sasa hivi. Mama akaingia wakati huohuo na beseni lake kichwani. Alimtazama Somoe mara moja tu. Akatua beseni, akamfunga mgongoni kwa kanga.

"Hospitali kubwa," alisema. "Siyo zahanati. Hospitali kubwa."

"Mganga kwanza," akasema shangazi. "Hospitali mmekwenda mara ngapi? Wamewasaidia nini? Sele, sema neno! Huyu ndiye aliyekuzikisha Hamisi."

Nadhani hofu ilikuwa imemjaa baba mpaka akashika neno la kwanza lililokuwa karibu. "Mama Zuhura," alisema, "ukivuka kizingiti hicho kabla mtoto hajaonwa na mganga, usirudi."

Wapangaji wote walikuwa uwanjani, na maji ya bomba bado yanatiririka, hakuna aliyekumbuka kuyafunga. Mama alikaza fundo la kanga kifuani.

"Basi nguo zangu nitamtuma mtu azifuate," alisema, akavuka.

Nilimkimbilia pekupeku. Tulipanda bajaji, Somoe kalala mapajani mwetu, kichwa kwa mama, miguu kwangu. Miguu ilikuwa ya baridi. Nikaanza kumwomba Mungu kwa mapatano ya kitoto: nitafunga Ramadhani nzima, nitaacha sukari guru, nichukue mie badala yake. Kila bajaji iliporuka shimo Somoe alitoa mlio mdogo, na mie nilijua mlio ule nimeutengeneza mwenyewe kwa ndoo.

Hospitali walimwekea hewa ya puani na maji ya mshipa, wakasema damu imeshuka mno, anahitaji kuongezewa. Siku ya pili mama alitoa damu yake kwa ajili ya vipimo. Nilikuwa nimekaa sakafuni kando ya kitanda, na sikuweza tena kubeba. Nikamvuta gauni nikamwambia yote: bomba, ndoo, mara tano.

Alinishika kidevu kwa nguvu, hata nikaumia. "Nyamaza," alisema. "Maneno hayo yaishie hapa hapa. Umenisikia? Usimwambie baba yako, usimwambie shangazi yako. Nyumba yetu ina mtu mmoja wa kulaumiwa, na anatosha."

Nilidhani amenikasirikia hadi kufa. Kwa miaka nilidhani hivyo.

Nesi aliyekuwa zamu, mama mmoja Mhaya mwenye miwani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuambia jina. Selimundu. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kutufanyia. Akasema chembe za damu za Somoe zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na baridi huzidisha. Akasema mtoto huzaliwa bado ana damu ya tumboni, damu njema, na inapoisha miezi ile ya kwanza ndipo ya kwake inapojionyesha. Hakuna aliyembadilisha.

"Sasa sikiliza, mama. Kila mtu ana doti yake ya kanga, vipande viwili. Kimoja kapewa na baba, kimoja na mama. Wewe kipande chako kimoja kina tobo, cha pili kizima, kwa hiyo unajisitiri, huumwi. Mtoto unampa kipande kimoja, hujui kipi. Baba yake naye anampa kimoja. Huyu amepata chenye tobo kwako na chenye tobo kwake."

Mama akauliza polepole, "Kwa hiyo na baba yake anacho?"

"Lazima. Bila yeye ugonjwa huu haukamiliki."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Mabega yalitikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Leo nadhani alikuwa anafanya yote mawili.

Baba alikuja siku ya tatu na chupa ya uji. Alisimama mbali na kitanda kama mgeni. Nesi hakumsalimia sana, alimpeleka moja kwa moja maabara. Majibu yalipotoka alisomewa kwenye benchi la korido, na nilimwona akiinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Aliporudi alimwambia mama, "Rudi nyumbani. Nimekosa." Mama akajibu, "Nitarudi na mwanangu. Siyo kwa ajili yako." Na ndivyo ilivyokuwa. Walikaa pamoja, na hadi leo wapo pamoja, lakini kuna jambo lilikatika siku ile kwenye kizingiti na halikuungika.

Somoe alitoka hospitali baada ya wiki mbili, mwepesi kama ungo. Jioni hiyohiyo, jua bado halijazama, baba alimkalisha shangazi barazani akamweleza. Mie nilikuwa nachambua mchele.

"Inatoka pande zote mbili, dada. Kwao na kwetu. Imo kwetu pia."

Nilitegemea ugomvi. Shangazi aliuliza tu, "Vidole vinavimba, wakiwa wachanga?"

"Ndiyo."

"Na macho ya njano, ni ugonjwa huohuo?"

"Ndiyo, dada."

Akaketi chini, kwenye vumbi la mpingo. Akaanza kutaja majina, taratibu. "Fatu. Issa. Na yule niliyemzika hana jina bado." Alikuwa amezaa watatu. Vidole viliwavimba wote. Mumewe na wakwe zake walisema damu yake imeoza, wakamrudisha kwao mchana kweupe na mkeka wake kichwani. Maneno yote aliyomtupia mama yangu, alitupiwa yeye kwanza. Alikuwa ameyahifadhi, neno kwa neno.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku ile mambo yakawa mema. Yalikuwa mema kwa muda wa miezi kumi. Somoe alikwenda kliniki, alikunywa vidonge vyake, alianza darasa la kwanza. Kisha masika ikaja na mbu wake, na wiki moja tukaugua malaria sote wawili, kitanda kimoja. Mie nilitapika siku mbili, ya tatu nikaomba chapati. Somoe alipelekwa hospitali asubuhi ya siku hiyohiyo, na adhuhuri akawa ameondoka. Chapati yangu ilikuwa bado mkononi baba alipoingia na mtoto aliyefunikwa.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini mie nimepona. Nilijiuliza mwenyewe, kila siku, kwa zaidi ya miaka kumi. Nilidhani Mungu alikosea kitanda. Nilidhani alisikia maombi yangu ya kwenye bajaji akayacheka.

Mwaka jana, kabla ya kufunga ndoa, nilimpeleka mchumba wangu tukapimwe. Yeye vipande vyake vyote ni vizima. Mie nina kimoja chenye tobo. Daktari aliponiona nalia akadhani naogopa, akanituliza: watoto wenu hawataugua. Halafu akauliza, kama anayepiga soga, "Utotoni malaria haikukusumbua sana, sivyo?" Akanieleza kwamba kinasaba kile, yaani kipande chenye tobo, ukiwa nacho kimoja tu, malaria kali inashindwa kukushika. Ndiyo maana kimejaa kwenye koo za mabondeni, za kando ya mito na pwani. Zamani sana waliokuwa nacho kimoja walibaki hai, wakazaa, wakakirithisha, kizazi hadi kizazi. Waliopata viwili havikuwakinga. Viliwaua, na malaria ikikuta mwili wa namna hiyo humaliza haraka.

Kwa hiyo kilichoniokoa mie ndicho kilichomuua Somoe. Tulipewa na watu walewale.

Nilikwenda Mtoni siku hiyohiyo nikawaambia wote watatu. Baba aliacha patasi. Mama aliinama kama anayeendelea kumenya mihogo, lakini kisu hakikuwa kinasogea. Shangazi, ambaye sasa haoni vizuri, aliniuliza, "Kwa hiyo wangu walikufa ili nyie wengine muishi?"

"Hapana, shangazi. Hakuna aliyepanga hivyo. Imetokea tu."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Basi hata wa kumlaumu hakuna," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa kitu cha mwisho alichokuwa nacho. Nami niliyedhani nimeleta habari ya kumtua mzigo nikaelewa, nimechelewa mno, kwamba miaka yote ile lawama ndiyo iliyomsimamisha. Mama akaliona hilo kabla yangu. Alifuta mikono, akasogea kwenye mkeka, akakaa bega kwa bega na wifi yake.